Bunduki ya Marehemu Tarpley

“Bodi ya parole imeshakubali mwanangu atoke gerezani mapema, halafu wewe unamzuia kwa bunduki ya marehemu mume wangu?” Odessa Tarpley alimfokea ofisa aliyekuja kukagua nyumba yake kule Georgia, Marekani.

“Ndiyo sheria, mama. Renita hawezi kuishi penye silaha. Ikibaki hapa, naye anabaki gerezani.”

Miaka kumi na mmoja Odessa alikuwa ameiandikia bodi barua kila mwezi, kwa mkono wake, bila wakili. Leo ashindwe na chuma cha ukutani? Akaitungua, akavuka nayo barabara mpaka kwa jirani yake, mzee Hubert.

“Ile siku mliposhindana kuwinda kulungu, marehemu aliweka dau bunduki hii. Ulishinda. Shika.”

“Odessa, miaka thelathini hiyo! Mumeo si aliapa kwamba kulungu wangu nilimnunua?”

“Alisema uongo, Mungu amrehemu. Aliona haya kushindwa na mtu mwenye makengeza. Shika bwana, nina haraka.”

Akarudi kichwa juu, akamwonyesha ofisa ukuta mtupu.

“Andika: nyumba ya Odessa haina silaha, wala haidaiwi na mtu. Nileteeni mwanangu.”