Mama Funguo na Ndoo ya Kutega

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata wanawe, wakati bado wadogo, wakitumwa dukani na kuulizwa ni watoto wa nani, walijibu: "Wa Mama Funguo." Na ufunguo wenyewe ulikuwa mmoja tu, mdogo, wa kufuli la kawaida. Ulifungwa kwenye pindo la kanga yake, na kanga ikibadilishwa, ufunguo nao unahama. Kufuli lile lilikuwa la kisanduku cha chuma kule juu kilimani, na ndani ya kisanduku kuna koki kubwa ya tangi. Ukiizungusha, mitaa miwili inakunywa.

Marehemu mumewe alikuwa fundi bomba. Yeye na wenzake ndio waliolaza bomba kutoka tangini, likapita mtaa wa juu walikokaa, likateremka mtaa wa chini, likaishia uani kwa dada yake. Wenzake walimtania sana kwamba dada mtu kaolewa, badala ya kupelekewa sufuria kapelekewa bomba. Alipotangulia mbele ya haki, kamati ya maji ilimkabidhi mjane wake ufunguo, naye akaupokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto wa kulea.

Kila siku, jua likishapita utosini, alifanya mambo yale yale. Alichukua ndoo yake ya bluu, akaiweka chini ya bomba la uani, akafungua koki na kuiacha wazi, ingawa bado haikutoa kitu ila hewa. Huko ndiko kutega. Mtaa mzima ulitega. Mtu akienda kazini asubuhi anatega ndoo kama anavyotega panya, jioni akirudi anaikuta imejaa, anamshukuru Mungu na kuinjika chai. Mama Funguo naye akishatega alifunga geti, akapanda kilima taratibu, nusu ya njia akizungumza na Mola wake, nusu nyingine akilisema goti lake. Huko juu alifungua koki kubwa, akakaa kwenye jiwe na kuchambua mchele mpaka tangi likaribie kwisha. Hapo akafunga, akateremka, akakuta ndoo yake imejaa pomoni. Maisha yana baraka zake.

Shida ilikuwa mtaa wa chini. Maji huko zamani yalifika kwa fujo, baadaye yakafika kwa kubembelezwa, na msimu huu hayakufika kabisa. Wifi yake, mwenye lile bomba la mwisho, hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Wifi, hivi kaka yangu aliniachia bomba au filimbi? Maana nikifungua linapiga mluzi tu."

"Vumilia, wifi yangu. Yanakuja."

"Yanakuja kwa miguu? Basi hata wewe na goti lako ungekuwa umeshafika na kurudi!"

Walicheka, lakini Mama Funguo alirudi kwake akiwa mzito. Wifi yake alikuwa anateka maji bondeni sasa, kwenye dimbwi wanakonyweshea ng'ombe, na mgongo wake si wa kazi hiyo.

Kamati nayo ikachoka na malalamiko. Mwenyekiti, fundi cherehani mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku za mapumziko, alipita akitangaza kikao cha Jumamosi. "Chemchemi inajaza tangi kwa mwendo wake, haitishwi na mtu," alisema. "Maji hayatoshi mitaa miwili. Kitambaa kikiwa kifupi, unakata mikono." Maana yake, bomba la mtaa wa chini lingekatwa na kuzibwa. Na nani wa kulifungia? Mwenye ufunguo. Bomba alilolilaza mumewe kwa mikono yake.

Ijumaa mchana, alipokuwa anainama kutega ndoo, geti likagongwa. Alikuwa Spoku, binti mwembamba anayetengeneza baiskeli pembeni mwa barabara, mikono imejaa grisi mpaka kwenye kiwiko. Baiskeli zilikuwa chache, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku alikaa barazani na vijana wenzake wakicheza drafti. Wazee waliwaita "watu wa baraza," na hawakuwa wanawasifu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipishe, tangi linaningoja."

"Leo usipande. Nipe ufunguo nikafungue mimi."

Mama Funguo akacheka. "Ufunguo huu? Mwanangu, mimi hata kuoga naoga nao."

"Najua. Ndiyo maana hujawahi kuona maji yako yanakwenda wapi."

"Yanakwenda bombani! Wataka yaende wapi, sinema?"

"Mama, wewe mchana uko kilimani. Wenye nyumba wako kazini. Wanaobaki mtaani ni nani? Sisi tu, watu wa baraza. Tunaona. Ila hakuna anayetuuliza."

"Haya, nawauliza. Mnaona nini?"

"Nikikwambia utasema sina adabu. Kaa hapo kwenye kigoda uone mwenyewe."

Fundo la pindo lilikuwa gumu. Alilifungua kwa meno. Alipouweka ufunguo kwenye kiganja cheusi cha binti yule, pindo la kanga lilikuwa jepesi mpaka akajiona kama hajavaa.

Akakaa. Baada ya muda bomba likakohoa, likatema kutu, likaanza kumwaga. Maji yakagonga chini ya ndoo, ngo, ngo, ngo, mpaka yakatulia na kupanda. Mama Funguo akatabasamu. Ndoo ikajaa. Akaendelea kutabasamu. Ndoo ikafurika, naye bado kakaa tu, kama anatazama ndoo ya jirani.

Kimkondo kikavuka uani kikielekea ukutani, nacho hakikupotea njia. Ilionekana wazi kwamba ni mwenyeji. Pale ukutani palikuwa na majani mabichi mazuri, ambayo kila siku alimsifu Mungu kwa kuyaotesha bila mvua.

"Mungu nisamehe," akasema. "Kumbe mnyweshaji ni mimi."

Akaruka na goti lake, akafunga koki, akatoka nje. Mtaa ulikuwa kimya, mageti yote yamefungwa, na nyuma ya kila geti maji yalikuwa yanaimba: shoo, shoo, shoo. Mengine yalipita chini ya mageti na kuingia mtaroni. Akachungulia uani kwa mwenyekiti: bata walikuwa wanaogelea. Na jua lile la mchana, kufika jioni lingekuwa limeshakausha ushahidi wote.

Vijana wa barazani wakasimama kumwamkia.

"Ni hivi siku zote?" akauliza.

"Siku zote, mama."

"Na mkanyamaza?"

"Tulimwambia mwenyekiti," akajibu mmoja. "Akasema tukatafute kazi."

Jumamosi kikaoni, kwenye darasa la shule walikokalia madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu, mwenyekiti alizungumza na kuuliza kama kuna mwenye neno kabla bomba halijakatwa. Mama Funguo akasita. Akisema, watu watauliza miaka yote hiyo mlinzi wa maji alikuwa analinda nini. Huenda hata ufunguo wakamnyang'anya. Akaomba dua fupi, isiyozidi pumzi moja, akasimama.

"Mwenyekiti, kabla hujakata mikono ya nguo, tutazame kwanza panya anakula kitambaa upande gani. Maji yanatosha. Tunayamwaga. Tunatega, tunaondoka, ndoo inafurika mpaka tangi linakwisha, na mtaa wa chini wanabaki na mluzi. Na mmwagaji wa kwanza ni mimi mwenye ufunguo. Jana nimeona kwa macho yangu." Akamgeukia mwenyekiti. "Na bata wako, mwenyekiti, wana afya nzuri."

Darasa likaangua kicheko. Mwenyekiti akaivuta futi yake kama inambana.

Mama mmoja akapinga: "Tusipotega tutapataje maji? Tuache kazi tukae tunalinda bomba?"

"Tutalinda sisi," akasema Spoku kutoka nyuma. "Tuko pale pale mchana kutwa. Kila safu ya nyumba iwe na kijana wake. Mmoja anafungua tangini na kupiga filimbi. Sisi tunaingia uani, tunajaza ndoo, tunafunga. Filimbi ya pili, zamu ya mtaa wa juu imekwisha, kila koki imefungwa, maji yanashuka."

"Nikupe wewe ufunguo wa geti langu?" akauliza yule mama.

"Mama Funguo kanipa wa tangi."

Mwenyekiti akawapa wiki moja. Maji yakifika bomba la mwisho, vijana watapata viti viwili kwenye kamati. Yasipofika, bomba linakatwa.

Siku ya kwanza ya zamu, Mama Funguo hakuweza kukaa kwake. Aliteremka kwa wifi yake, wakaweka vigoda viwili mbele ya bomba kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Filimbi ikalia kilimani. Wakangoja. Filimbi ya pili ikalia. Wakangoja. Bomba likapiga mluzi.

"Si nilikwambia?" akasema wifi. "Urithi wangu huo."

"Nyamaza wewe, tusikilize."

Mluzi ukakatika. Bomba likatetemeka, likakohoa kama mzee anayeamka, likatema tope jekundu, kisha maji ya rangi ya chai, kisha maji. Wifi, ambaye neno halijawahi kumpungukia, alinyoosha mkono chini ya maji yale. Kisha akasema tu, "Kaka yangu," akajifuta uso kwa mkono ule ule uliolowa.

Jioni mwenyekiti mwenyewe alishuka kutazama. Alifungua, akafunga, akafungua tena. "Viti viwili," akasema. "Na bata nitawachimbia kidimbwi cha maji tuliyokwisha kufulia."

Mama Funguo akapanda kwenda kwake kwa furaha. Geti limefungwa. Akachungulia kwenye upenyo wa geti: ndoo ya bluu kavu. Akamwita Spoku, aliyekuwa barazani.

"Mwanangu, mmenisahau?"

"Tulikuja, mama. Geti lilikuwa na kufuli. Hukutuachia ufunguo."

Mama Funguo akapapasa pindo la kanga. Ulikuwemo. Mkono wake, kwa mazoea, ulikuwa umeufunga ufunguo wa geti mahali pa ule wa tangi.

"Basi kanifungulie tangi kidogo tu, ndoo moja. Mimi ndiye Mama Funguo."

Drafti ikasimama. Spoku akainamisha kichwa kwa adabu, lakini hakuinuka.

"Ndiyo, mama. Lakini zamu imepita. Kesho, Mungu akipenda."

Mama Funguo akamtazama. Akataka kukasirika, na alikuwa na haki zote za umri. Badala yake kicheko kikampanda kutoka tumboni, mpaka ikabidi ashike ukuta. Ufunguo wa tangi ulikuwa mahali pake. Akafungua fundo kwa meno, akamkabidhi na wa geti.

Nyuma yake akasikia mtu anahema kwa kupanda. Alikuwa wifi, ndoo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni.

"Wifi, fungua mlango!" akapiga kelele. "Nimekuletea maji ya kwetu!"