Sherehe Tuliyoijua kwa Filamu

Kadi ya mwaliko ilipofika, binti yangu aliisoma akiwa amesimama mlangoni na begi la shule mgongoni, kisha akaibandika kwenye friji kwa sumaku, juu kabisa ya picha za wadogo zake. Ilitoka Columbus, kwa rafiki yake wa pekee. Nasema wa pekee bila kutia chumvi. Miaka yetu ya kwanza Amerika tulikaa Columbus, na huko shuleni mtoto mmoja wa Kiyahudi mwenye nywele za kujisokota alikubali kukaa naye mezani wakati wengine walikuwa wanaziba pua kwa sababu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, niliyomfungia. Baadaye mume wangu alipata kazi kwenye ghala moja Jeffersontown, tukahamia Louisville, huku South End, na mwaka mzima ukapita binti yangu hajaleta mtoto hata mmoja nyumbani. Anakwenda shule, anarudi, anajifungia chumbani na kuongea na Columbus kwenye simu. Mimi nikipita mlangoni nasikia anacheka, nami napata kupumua.

Kwa hiyo kadi ile iliniogopesha. Urafiki wa simu hauna mashahidi. Urafiki wa kwenye sherehe una macho ya watu mia.

Sherehe yenyewe ilikuwa bat mitzva, siku ambayo msichana wa Kiyahudi anahesabiwa mtu mzima mbele za Mungu. Mimi sikuwahi kuiona. Kwetu Kivu, Wayahudi tuliwajua kwa Biblia, na hao wa kwenye Biblia hawakutumia watu kadi. Binti yangu aliniambia nisihangaike, kila kitu kimo kwenye filamu. Akawasha televisheni, tukaanza kusoma.

Tulitazama filamu za vijana za kuchekesha, moja baada ya nyingine, kila nilipokuwa sina zamu. Mpaka leo hazinitoki kichwani. Kuna mvulana mwenye vyuma kwenye meno ambaye sauti inamkatika katikati ya sala. Kuna bibi anayefinya mashavu ya kila mtoto. Kuna ukumbi uliopambwa kama bahari au kama uwanja wa michezo, kuna bomba linalomwaga chokoleti, kuna mpiga muziki anayepiga kelele kwenye kipaza sauti. Wanamwinua mwenye sherehe juu akiwa amekaa kwenye kiti, kiti kinayumba, na mimi kila mara nilijikuta nauliza nani ameshika mguu wa nne. Sala yenyewe inachukua muda wa kupiga chafya. Mtoto anasoma maneno mawili, watu wanasinzia, tunarukia muziki. Nilimuuliza binti yangu, wale watu wanasali saa ngapi? Aliinua mabega.

Ila kilichoninyima raha ni kitu kingine. Katika kila filamu kuna mgeni mmoja aliyewekwa pale ili achekwe. Amevaa vibaya, au amekuja na mama yake, au anaanguka kwenye keki. Na daima marafiki wawili waliopendana tangu utotoni wanagombana siku hiyohiyo, mmoja analia chooni, na mwingine anacheza na kundi jipya. Binti yangu alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa natafuta kwenye filamu watu wanaofanana nasi, nikamwona mmoja tu, anabeba sinia.

Nikampigia simu dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, anayekaa Buffalo, kule Riverside, na kulea wazee majumbani mwao. Yeye hana subira na woga wangu.

"Donc, mutoto ameitwa, weye njo unatetemeka?" aliniuliza.

"Yaya, ile ni rafiki yake moja tu. Bakimucheka kule, atabaki na nani?"

"Batu banacheka mu filme juu banalipwa bacheke. Bon. Uende naye, ukae nyuma, usiseme kintu."

Ni rahisi kusema ukiwa Buffalo.

Gauni tulilinunua kwa kufuata filamu, la kumetameta, rangi ya fedha, mabega nje. Nilipolipinga binti yangu alinirudishia picha nyuma, akaisimamisha, akanionyesha wasichana saba wamejipanga mstari, mabega yote nje. Nani mimi kubishana na ushahidi?

Ijumaa nilipotoka kazini tukashika njia ya Columbus, sisi wawili, kwenda kulala kwa familia moja ya kanisa letu la zamani. Garini binti yangu alinipa masharti, yote kwa Kiingereza. Nisiongee kwa sauti. Nisisali kwa sauti. Nisifunge chakula cha kubeba nyumbani. Nisimwite jina lake la utotoni. Nilikubali yote. Halafu akauliza kama naogopa.

"Haiko kitu," nilimwambia.

Akacheka. Alisema nikisema hivyo ndipo yeye anaanza kuogopa, kwa sababu nilisema hivyo tairi lilipopasuka barabarani, na nilisema hivyo baba yake alipolazwa. Ana haki. Ila hajui kwamba maneno hayo nimemwambia tangu hajajua kusema, kule nyumbani, tumelala kifudifudi sakafuni, yeye chini ya tumbo langu, na nje watu wanakimbia. Alikuwa na miaka miwili. Sijamsimulia, na sina mpango.

Kadi ilikuwa na sehemu mbili, ya asubuhi na ya jioni. Binti yangu alisema ya asubuhi ni ya wazee, filamu zote zinaanzia jioni. Hapo nilikataa katakata. Kwetu sisi, kufika kwenye chakula bila kufika kwenye sala ni aibu, watu watasema umefuata sahani. Kwa hiyo saa nne asubuhi tulikuwa mbele ya sinagogi, yeye na gauni lake la kumetameta, na wasichana wengine wanashuka kwenye magari yao wamevaa magauni ya kawaida yenye mikono, na viatu bapa.

Aliganda kwenye kiti. "Mom," alisema, basi.

Nilitoa kitenge kwenye mkoba. "Funika mabega. Iko nyumba ya Mungu."

Siku nyingine angenibishia. Alikichukua, akajifunga mpaka kidevuni. Nilitaka kumwambia amependeza, nikakumbuka masharti.

Mlangoni kulikuwa na askari. Hilo katika filamu sikuliona hata moja. Mtu mzima, amevaa sare, bastola kiunoni, akaomba mkoba wangu kwa adabu na kuangalia ndani. Akaona Biblia yangu ya Kiswahili na pakiti ya tishu, akanirudishia na kututakia asubuhi njema. Watu walikuwa wanampita wanamsalimu kana kwamba ni nguzo ya mlango. Ninajua sababu ya kuweka bastola kwenye mlango wa nyumba ya sala. Huweki mpaka umeshawahi kuihitaji, au umeona wenzako waliihitaji. Nilitazama wale akina mama wanavyowatengeneza watoto wao kola, nikajiuliza wanalalaje usiku.

Tukakaa safu ya nyuma, kama yaya alivyosema. Sala haikuwa chafya. Tulisimama, tukakaa, tukasimama. Kisha rafiki yake akapanda jukwaani, wakamfungulia gombo, akaanza kusoma kwa kuimba, lugha ya mababu zake. Sauti ilikuwa inatetemeka. Nilishika ukingo wa benchi mbele yangu. Kwenye filamu hapa ndipo mtoto anapokosea na ukumbi unapasuka kwa kicheko. Akakosea kweli. Mzee aliyesimama pembeni yake akamtajia neno kwa sauti ya chini, yeye akalirudia, akaendelea. Hakucheka mtu. Binti yangu alikuwa amesogea mbele mpaka amebaki kwenye ukingo wa benchi, midomo inacheza, utadhani anamsukumia mwenzake maneno. Nikaona anampenda mtoto yule kweli, na woga wangu ukazidi, maana sasa nilijua kiasi cha kupoteza.

Mama mmoja akapita na kikapu cha peremende zilizofungwa kwenye karatasi za rangi. Nikachukua nne. Moja yake, tatu za wadogo zake waliobaki Louisville, nikaziweka mkobani. Masharti yalisema chakula, hayakutaja peremende. Yule mama alimnong'oneza binti yangu kitu kwa Kiingereza cha haraka ambacho sikukipata. Binti yangu akatabasamu, akaificha yake mkononi. Nikadhani wanaambiana zisiliwe ndani.

Kusoma kukaisha. Kisha safu zote, wazee kwa watoto, wakainua mikono kwa pamoja, na vitu vikaanza kuruka kuelekea kwa yule msichana.

Sikufikiri. Niliona mikono, nikaona vitu vinaruka, nikasikia kelele, na kichwani mwangu kulikuwa na yule askari na bastola yake. Nilimshika binti yangu shingoni, nikamvuta chini kati ya mabenchi, nikamfunika kwa kitenge na kwa mwili wangu wote. Kitu kikanigonga mgongoni. Nikasubiri kingine.

Chini yangu, sauti yake ikatoka taratibu. Mtoto huyu ananijibu kwa Kiingereza tangu darasa la pili.

"Haiko kitu, Mama," alisema. "Ni bonbon."

Nilifungua macho. Sakafuni, karibu na pua yangu, kulikuwa na peremende ya karatasi ya manjano. Watoto wadogo walikuwa wanakimbia kwenye njia ya katikati wakiziokota. Kumbe hivyo ndivyo wanavyompongeza aliyemaliza kusoma, na ndicho alichonong'onezwa binti yangu. Watu walikuwa wanacheka, na niliona wazi kwamba walioko karibu wametugeukia. Mama wa kikapu alikuwa amejishika kinywa. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Filamu yote niliyoiogopa, nilikuwa nimeicheza mimi mwenyewe, na mgeni wa kuchekwa alikuwa binti yangu, na aliyemletea aibu ni mimi.

Nilitaka kumwachia. Mikono haikukubali. Nasema ukweli, niliiamuru kidole kwa kidole, ikabaki imeshika.

Angeweza kuchomoka. Ana miaka kumi na mitatu, ana nguvu kunishinda, na kule mbele rafiki yake alikuwa anamwita kwa jina, nilimsikia vizuri. Kila sekunde aliyokaa pale sakafuni ilikuwa ya kuonwa. Hakutoka. Alijigeuza chini ya kitenge mpaka uso wake ukaangalia wangu, akafungua peremende aliyokuwa ameibana mkononi, akaniwekea mdomoni.

"Kula," alisema.

Ilikuwa laini, ya limau. Nililia nikiitafuna. Yeye aliendelea kunipapasa mgongo pale iliponigonga, hana haraka, kama mtu anayejua kazi hii huchukua muda. Sijui kama anakumbuka. Sikumuuliza, naye hajaniuliza kwa nini nilimvuta.

Mikono ilipolegea tulisimama pamoja. Vimetameta vya gauni lake vilikuwa vimenasa kwenye nyuzi za sweta langu, ikabidi asimame amenibana hivyohivyo, mabega nje, nywele zimevurugika, mbele ya watu wote. Rafiki yake alikuwa ameinama jukwaani anaokota peremende. Akazijaza kiganjani, akalenga safu ya nyuma, akamrushia binti yangu moja, kisha akanirushia mimi.