Kiti cha Kando ya Kabeji

Fundi viatu hakuwa mtu wa maneno. Mteja akileta kiatu kilichoachama mdomo, alikigeuza, akakibonyeza soli, akasema, "Kesho." Kwa neno hilo moja aliendesha kibanda chake miaka ishirini.

Maneno yote ya nyumbani alikuwa nayo mkewe. Zamani alifanya kazi ya kupulizia maua dawa katika shamba la tajiri, mpaka kifua kikamshinda. Daktari alimwonya asisogelee tena dawa ya wadudu ya aina yoyote, hata ya mbu. Akabaki na kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, kando ya matuta manne ya kabeji. Kila asubuhi Fundi alimshika mkono, akamvusha mlango wa jikoni, akamkalisha. Kabeji zikipendeza, mama huyo alikaa mpaka jua liwe kali, akitoa amri kama mwalimu wa zamu. Zikinyauka, hakutaka hata kuinuka kitandani. Ndiyo maana Fundi alizihofia kabeji zile kuliko alivyohofia njaa.

Siku moja mkewe aligusa kabeji moja kwa ncha ya fimbo, ikalala chali.

"Fundi wangu, hebu njoo. Hii uliipanda, au uliiweka tu?"

Haikuwa na hata uzi mmoja wa mzizi. Fundi akafukua kwa vidole. Mabuu meupe yenye vichwa vya kahawia yalikuwa yamejikunja humo, manene, yameshiba.

Jirani mwenye ng'ombe alichungulia juu ya ua. "Watoto wa mbawakawa hao. Dawa ipo, unamwaga mara moja tu. Mkeo mpeleke kwa shemeji yako wiki moja, harufu iishe."

"Na wiki ya pili, akirudi kukaa hapa?" Fundi akauliza. Jirani akarudi kwa ng'ombe wake.

Basi akayaokota kwa mkono, akayatia kwenye kopo la maji ya sabuni. Akamwaga majivu. Akachemsha majani ya mwarobaini mpaka nyumba nzima ikawa chungu. Akaazima kuku wawili, wakamfuata nyuma ya jembe wakidonoa, wakanenepa. Kisha wakaparua hata kabeji tatu zilizokuwa zimesalimika.

"Umeajiri wezi walinde duka," mkewe akasema, na siku hiyo bado alicheka.

Fundi akapanda nyingine, na kila zilipodhoofika aliziongezea chakula, kama alivyofanya tangu mwanzo. Jumamosi alibeba ndoo tatu za samadi kutoka kwa jirani, ikiwa bado na joto, akaifukia. Malipo yake yalikuwa kushona mabuti ya jirani, na mabuti yale hayakuisha kupasuka.

"Ongeza, usiwe bahili," mkewe alimhimiza kutoka kitini.

Siku moja bibi shamba, afisa kilimo wa kata, alileta kandambili za ngozi zilizokatika ukanda. Fundi alizimaliza siku ileile, lakini mwenyewe alipozifuata akaambiwa, "Kesho." Akarudi, akaambiwa tena, "Kesho." Haja yake Fundi ilikuwa kumwuliza swali, na ujasiri ulikuwa haujafika. Siku ya tatu ukafika.

Bibi shamba akaja nyumbani, akachuchumaa, akavunja bonge la samadi. Ndani mlikuwa na buu.

"Baba, hii unaifukia mbichi?"

"Ya moto kabisa."

"Basi humu ndimo mbawakawa wanamopenda kutaga. Samadi ikae miezi, ioze mpaka ifanane na udongo, ndiyo uilete."

"Na waliomo tayari?"

"Endelea kufukua, waachie kuku, ardhi ipumzike. Ila wengine hukaa chini mwaka mzima, hata zaidi. Nafuu mtaiona mwaka ujao."

"Mwaka ujao!" mkewe akasema kutoka kitini. Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kisichotaka kwisha. Bibi shamba akatazama kandambili zake.

Mgeni alipoondoka, Fundi alisema, "Ni mimi niliyewaleta. Kila Jumamosi, kwa mikono yangu."

"Na mimi niliyesema ongeza. Usibebe peke yako, utavunjika mgongo." Akashika fimbo ainuke. "Nihamishie kiti mbele ya nyumba. Huko angalau watu wanapita."

Akakihamisha. Mkewe alikikalia siku nne. Ya tano hakuinuka, wala ya sita.

Siku hizi Fundi hufukua matuta manne matupu kabla ya kwenda kibandani, kuku wakimfuata. Samadi mpya imefunikwa kwa turubai pembeni, inaoza taratibu. Mkewe humsikia kupitia dirisha. Asubuhi moja akauliza,

"Bado wapo?"

"Bado."

"Wengi?"

Fundi akatazama kopo lililojaa. "Kesho watapungua," akasema.

Mkewe aliwajua wateja wote walioambiwa neno hilo, wakarudi kesho yake wakaambiwa tena. Akageukia ukutani.