Mwalimu Aliyemtia Motoni Mwanafunzi Wake

Gustave Muhindo alikuwa mwalimu wa sekondari katika kijiji kimoja karibu na Beni, mashariki ya Kongo. Padri mmoja Mwitaliano alimfundisha lugha yake, na kwa lugha hiyo Gustave akasoma habari za mshairi aliyeishi Italia miaka mia saba iliyopita. Mashairi yalimpendeza, ila maisha ya mtu yule ndiyo yaliyomkaa moyoni. Maadui zake wa siasa waliuteka mji wao, wakamhukumu kuchomwa moto endapo atakamatwa. Akatangatanga karibu miaka ishirini, akilala nyumba za watu, hadi akafia ugenini. Huko alitunga utenzi mrefu, si kwa Kilatini cha wasomi bali kwa lugha ya sokoni, na maadui zake akawatia jehanamu kwa majina yao. Wengine hata walikuwa hawajafa.

Gustave aliwasimulia wanafunzi wake kisa hicho kila mwaka. Aliyekuwa akikipenda kuliko wote ni kijana mmoja wa mstari wa mbele, Exaucé.

Mwaka 2016, asubuhi ya siku ya soko, waasi wa msituni wenye mapanga waliingia kijijini. Gustave alipanda darini shuleni, akachungulia kwenye ufa wa mbao. Exaucé alikuwa ametangulia mbele yao. Aligonga mlango mmoja mmoja, akawaita wenyewe kwa majina, na kwa kuwa walimfahamu, walifungua. François, mdogo wake Gustave, alitoka na mwiko wa uji mkononi. Alikatwa shingo akiwa amesimama, akakatwa tena akiwa chini. Siku ile walizikwa watu thelathini na mmoja.

Gustave alitoa ushahidi kwa askari. Siku ya nne alikuta karatasi chini ya mlango: ukionekana hapa tena, tutakuchoma. Akamchukua mkewe Marthe na binti yao Gaëlle, wakashuka Lubumbashi, wakavuka Zambia, na baada ya miezi mitatu wakafika Johannesburg.

Walipanga nusu ya chumba katika mtaa wa Berea. Nusu ya pili, nyuma ya pazia, ilikuwa ya Warundi. Gustave akawa mlinzi wa maegesho ya magari Randburg, Marthe akasuka nywele katika saluni ya Turffontein. Jumapili baada ya ibada, Gustave aliketi kwenye ngazi za ghorofa akatunga utenzi wa mauaji ya kijiji chake, kwa Kiswahili cha kwao.

"Baba Gaëlle, si uandike kwa Kifaransa, wakubwa wasome?" Marthe alimuuliza.

"Waliokufa hawakulia kwa Kifaransa."

Katika utenzi huo alimweka Exaucé mahali ambapo kila mlango anaoufungua una moto nyuma yake, naye hana ruhusa ya kuacha kugonga. Alimtaja jina lake, la baba yake, na nyumba ya mama yake. Alijirekodi kwenye simu akatuma kwa watu watano tu. Baada ya wiki mbili sauti yake ilikuwa ikisikilizwa Beni nzima.

Jumamosi moja ya mwaka 2018, Gustave alikwenda saluni kumpelekea mkewe chakula. Marthe alikuwa ameweka ndoo ya maji ya moto kando yake, ya kuchovya ncha za rasta za mteja. Mlango ukagongwa, ingawa ulikuwa wazi.

"Mwalimu," sauti ikasema.

Ni Exaucé. Wenzake walikuwa wamegeukiana huko msituni, naye akakimbilia Johannesburg kama wengine.

"Umenitia motoni ningali hai," alisema. "Haya, hiyo ni yangu. Mama je? Vijana wamekwenda nyumbani kwake wakiimba maneno yako. Walimfungia ndani wakawasha nyumba. Mama alimuua nani, Mwalimu?"

Exaucé akachomoa panga kwenye koti. Gustave alikinga kwa mkono wa kulia, na vidole vitatu vikaanguka sakafuni. Pigo la pili lilizama begani. Kabla ya la tatu, Marthe alinyanyua ndoo akammwagia Exaucé usoni.

Alitoka nje akipiga mayowe, macho hayaoni, akajigonga kwenye gari lililosimama. Watu wakamzunguka. "Mwizi!" mmoja alisema, na hilo likatosha. Walimpiga kwa mawe na vyuma hadi akalala. Mtu akaleta tairi kuukuu, mwingine petroli kwenye chupa ya soda.

Gustave alikuwa ameegemea ukuta wa nje wa saluni, damu ikimchuruzika. Baadaye alikiri kanisani mbele yetu waumini wenzake, "Nilitazama tu. Niliona ni haki yake." Lakini petroli ilipomgusa, Exaucé aliita, "Mama!" Ndipo Gustave alipojitupa juu yake. Walimpiga teke naye pia, wakamvunja mbavu mbili.

"Toka, baba! Utaungua na mwizi!"

"Si mwizi. Ni mwanafunzi wangu."

Polisi walipofika, wote wawili walikuwa wamezimia.

Mwaka uliofuata Exaucé alifungwa kwa kosa la kujaribu kuua. Gustave, aliyekuwa hawezi tena kushika kalamu, alimtamkia Marthe utenzi upya naye akaandika. Jina la Exaucé hakulifuta. "Aliyoyafanya ameyafanya," alisema. Ila aliongeza sehemu ya mama aliyechomwa, na humo, miongoni mwa wanaobeba kuni, akajiweka mwenyewe. Watu wa Beni wanasoma utenzi huo kwenye matanga mpaka leo. Sehemu hiyo huiruka.

Gustave hakuwahi kwenda gerezani. Marthe alikwenda mara moja. Alikaa mbele ya uso alioubabua yeye mwenyewe, akasoma beti zile kwa sauti ya chini. Mama anaona moshi, anakimbilia mlangoni, anaukuta umefungwa.

Exaucé alisikiliza hadi mwisho.

"Mwambie Mwalimu amekosea," alisema. "Mama hakukimbia. Alikuwa na mguu mbovu tangu nizaliwe. Angetambaa."

Marthe alirudi Berea akamwambia mumewe. Gustave akamwomba achukue kalamu, wakaanza kuutengeneza ubeti.