Nyuma ya Kosta ya Baba

Baba aliishi ndani ya Kosta, basi lake dogo. Aling'oa viti vyote, akaweka kitanda, jiko la gesi na madumu ya maji, na kila msimu wa mavuno aliiegesha karibu na mashine za kukoboa mpunga Rujewa, akinunua mchele na kulala humohumo. Nyumbani kwetu Kihesa alikuja kama mgeni.

Mwaka jana hospitali ya hukohuko Rujewa walituambia tumrudishe nyumbani. Nilipouliza kwenda kufanya nini, daktari alimtazama mama badala yangu. Baba alikubali kwa sharti moja: asafiri akiwa kitandani mwake, na kigari kidogo alichomnunulia mama, kilichokufa injini kabla hajamkabidhi, kifungwe nyuma.

"Tukiache tu, tutakuja kukichukua," nilisema.

"Nani atakuja?" akauliza.



Baba mdogo ndiye angeendesha Kosta. Chuma chetu cha kuvutia kilikuwa kimoja tu, kimenyooka, kwa hiyo lazima mtu akae kwenye kigari ashike usukani, la sivyo kingeyumba. Mwenye leseni mwingine nilikuwa mimi. Lakini mimi nilitaka kukaa na baba. Siku ile sikutaka kitu kingine.

"Si tutafute dereva hapahapa?" nilimuuliza baba mdogo.

"Nimtoe wapi wa kumwamini, mwanangu? Akishtuka akakanyaga breki hovyo, wote tunaingia korongoni na mgonjwa wetu."

Baba alinielekeza akiwa amelala, mlango ukiwa wazi, sauti yake nyembamba. Swichi iwashwe, usukani usijifunge. Gia isiwekwe. Breki itakuwa ngumu kwa sababu injini haifanyi kazi, nikanyage kwa nguvu zote.

"Na cheni mbili, huku na huku. Chuma kikichomoka, zishike. Umeziona?"

"Nimeziona."

"Zitikise. Wewe si huamini mpaka ushike?" Akacheka, kikohozi kikamkata.

Nilizitikisa. Kisha nikaingia kumuaga. Akanisukuma kwa vidole. "Nenda, mama, tutaongea Kihesa." Siku zote aliniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

Tulishika lami kuelekea Makambako. Mbele yangu kulikuwa na kioo cha nyuma cha Kosta na kanga ambayo mama aliitundika kama pazia. Kila baada ya muda aliifunua na kunipungia: baba bado yupo. Kwenye miinuko chuma kilinivuta. Kwenye miteremko kigari kilitaka kuisukuma Kosta, nami nikakandamiza breki mpaka paja likatetemeka. Kichwani nilipanga maswali ya kumuuliza. Kwa nini alipenda kulala garini kuliko kwetu? Alikuwa anatafuta riziki, au alikuwa anatukimbia?

Kabla ya Mafinga pazia likaacha kufunuka.

Tulisimama hapo Mafinga, baba mdogo akaja kukagua cheni. Alikagua muda mrefu, ameinama.

"Baba vipi?"

"Amelala. Usishuke, twende."

Nikauliza tena. Akanijibu maneno yaleyale, kwa sauti ileile, akarudi mbele.

Kwetu msafiri hapewi habari za msiba akiwa njiani. Huambiwa fulani anaumwa kidogo, harakisha, na ukweli humngoja mlangoni. Chuoni niliwahi kubishana sana juu ya hilo. Nilisema ni kumfanya mtu mzima mtoto.

Tulipoingia Kihesa nikaona viti vya plastiki vimepangwa nje ya geti letu. Wanawake wa jumuiya walikuwa wameshajifunga kanga viunoni. Hakuna aliyetupungia. Mtaa mzima ulijua. Mimi niliyekuwa nyuma yake njia nzima, urefu wa chuma kimoja, ndiye niliyekuwa sijui.

Mama alikuja dirishani kwangu. "Alituacha kabla ya Mafinga."

"Mlipaswa kuniambia."

"Ningekwambia, ungeushikaje usukani?"

"Ilikuwa haki yangu, mama."

"Ilikuwa haki yako," alisema. "Na mteremko wa Ipogolo uliokuwa mbele yetu ungekushinda, nikazika wawili."

Nimeligeuza jibu hilo kila upande na sijapata pa kulivunjia. Walikuwa sahihi. Wangeniambia, huenda mguu wangu ungekosea pale chini. Lakini wangeniambia, ningekaa naye pale Mafinga, mkono wake ukiwa bado na joto. Nashindwa kuyapima mambo haya mawili kwa mzani mmoja.

Kosta ilitakiwa irudi kinyumenyume hadi mlangoni ili baba ateremshwe, na isingeweza ikiwa na kigari nyuma. Pini ya kile chuma ilikuwa imebana. Wanaume wakaegemea boneti, wakakisukuma kigari nyuma kidogo. Niliichomoa pini kwa mikono miwili, nikafungua cheni, wakakisogeza kigari pembeni. Kosta ikaanza kurudi, polepole, nami nikaifuata kwa miguu.