Mkono wa Bibi Uliposimama

Wiki iliyopita nilikuwa Turwa, nasubiri chai mgahawani, mara televisheni ikarudia ile sehemu ya tamthilia iliyosifiwa nchi nzima. Unaijua, ile ya mama anayepata habari za msiba. Mhudumu akasimama kuangalia, birika mkononi. Mimi nikainamisha kichwa. Uso ule ni wa mwigizaji, lakini mikono ni ya bibi yangu.

Nilikuwa darasa la nne watu wa tamthilia hiyo walipokuja kijijini kwetu Matongo na kamera zao. Walitaka ua wa bibi, na majirani waangue kilio, huku "marehemu" mwenyewe amekaa kwenye kigoda anakula ndizi. Bibi akakataa katakata.

"Huyu anapumua, nimlilie? Mnaita kifo kwangu?"

Jirani yetu, aliyekwisha kuvaa kitenge chake cha sikukuu, alinuna. Mimi ndiye niliyelia kweli, maana nilishaitangazia shule nzima kwamba nitatokea kwenye TV.

Mwongozaji hakubishana. Alikaa chini, akauliza, "Bibi, wewe msiba ulikukutaje?"

Bibi akanionyesha kwa kidevu. "Walipokuja kuniambia juu ya baba wa huyu, nilikuwa nasaga wimbi la uji. Mkono ulisimama wenyewe."

Baba alifariki kabla sijajua kutembea. Habari hiyo ya mkono sikuwahi kuambiwa.

Wakaamua kupiga picha hivyo hivyo. Kamera ikalenga mikono ya bibi tu, uso ungekuwa wa mwigizaji. Kinasa sauti kikawekwa karibu na jiwe, kuku wakafungiwa, bodaboda zikazuiwa njiani. Lakini kila mara mwigizaji wa kuleta habari alipoingia uani, bibi aliacha kusaga, akamkaribisha na kumuuliza hali ya nyumbani. Kwake mgeni hakupita bila salamu, kamera iwepo au isiwepo. Mwishowe wakamwondoa mgeni. Jiwe likakwaruza, likakwaruza, likanyamaza.

Mwongozaji akasema ni nzuri sana, ila arudie mara moja tu, ili wawe na akiba. Nami nikadakia, "Rudia, bibi, mimi sijaonekana!"

Bibi akajipangusa unga. "Hii ilikuwa mara ya pili. Ya tatu sina."

Siku hizi wimbi tunapeleka mashineni, ua ule umeota magugu, na bibi hayupo. Watu wanamsifu mwigizaji, na kwa haki, alifanya kazi yake. Mimi naona aibu. Ndiyo mara pekee niliyomwona bibi akimlilia baba yangu, nami nikamwambia arudie.