Hodi Mbele ya Mkaguzi

Serikali ilipobadilisha masharti ya fedha za dharura, nilikasirika kwanza, nikaelewa baadaye. Zamani kikundi chetu cha uokozi hapa Mji wa Kale kilipewa ruzuku kwa kuwa na vyeti vya mafunzo tu. Sasa, tuliambiwa, anakuja mkaguzi atutazame tukiokoa mtu. Tukishindwa, ruzuku inakatwa na pampu ya maji inarudishwa.

Pampu ile ndiyo iliyokuwa ikinipa usingizi. Nyumba yetu iko kichochoroni, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, ambako gari la zimamoto halipiti hata likikunja vioo. Na mamangu, ambaye miguu imemkataa, anaishi ghorofa ya pili.

Tukachagua nyumba hiyo hiyo kwa jaribio la moto, na mama akakubali kuwa mgonjwa wetu. Kazi yake ilikuwa moja: alale chumbani, ajifanye amezimia.

Mkaguzi, bwana wa bara mwenye adabu nyingi na maneno machache, akapuliza filimbi. Tukatoka mbio na machela na mpira wa maji. Mlango tuliukuta wazi kabisa, na kiongozi wetu, seremala mwenye kifua cha kubebea makabati, akasimama tuli.

"Hodi!"

Kimya. Wenzangu nao wakasimama nyuma yake, vichwa wameinamisha, kama waliokuja kuposa.

"Hodi wenyewe!"

Nilitamani ardhi inimeze. "Ingia, bwana, nyumba yaungua!" nikamfokea.

Akanigeukia, amekasirika kweli. "Niingie vipi nyumba ya watu na sijaitikiwa? Mamako yuko ndani!"

Ndipo sauti ya mama ikashuka kutoka juu: "Karibuni! Lakini mimi nimezimia!"

Kichochoro kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Tulipanda, tukamfunga kwenye machela huku akidai kanga ya pili ajistiri, tukamshusha polepole kwa ngazi ile nyembamba. Moyoni nilikuwa nimeshaiaga pampu.

Mkaguzi akafunga kalamu yake. "Vikundi vingi vimeshindwa sharti la kwanza," akasema. "Huingia kimya kimya. Sharti linataka muite kwanza, msikilize, mjue kama kuna mtu na yuko upande gani. Nyinyi mmeita mara mbili. Ruzuku yenu inaendelea. Ila siku mama asipojibu, tafadhali ingieni."

Nikakaa barazani, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Seremala alinitazama, akakohoa kidogo, na kikohozi kile kilinitosha kuwa "si nilikuambia?"

Tulipoinama kumrudisha mama juu, akanishika mkono. Alikuwa akitazama huku na huku, milango, maduka, watu wakipita.

"Msinipandishe bado, mwanangu. Niwekeni hapa niione ndia. Miaka yote hii nalala nikiwaza, moto ukishika n'tashuka vipi. Kumbe nashukika."